Bunkeya: Kijiji Kimoja, Wenyeji Wengi



Mwulize mtoto yeyote wa shule hapa Lubumbashi Bunkeya ni nini. Atakujibu pasipo kusita: ni kwao Msiri, ni kwa Bayeke. Jibu hilo limo vitabuni na limo midomoni, wala sikuja kulipinga. Ninachouliza jioni hii ni hiki: hao Bayeke walifikaje pale, waliwakuta akina nani, na ni akina nani wameingia na kutoka tangu hapo? Watu wengi wa Katanga wanaitaja Bunkeya kama mfano wa nchi yenye wenyewe. Lakini ukiifuatilia historia yake utaona kijiji kilichojaa, kikahamwa, kikajaa tena, na yote hayo katika muda usiotimiza miaka 200.

Wenzangu wa idara walidhani nitazungumza juu ya kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, kwa kuwa huko ndiko kwenye makaratasi mengi. Kambi zimekwisha kupata wanahistoria wake, na wazuri. Bunkeya imepata wasifu wa mfalme wake mara nyingi, ila watu wake hawajaandikwa vya kutosha.

Kijiji chenyewe kiko kwenye tambarare pana, karibu na mto Lufira. Anayetoka Lubumbashi hupitia Likasi, kisha hushika njia ya kaskazini. Tangu majimbo yagawanywe mwaka 2015, Bunkeya imo katika jimbo la Lualaba, teritwari ya Lubudi, na sisi wa Haut-Katanga tumebaki majirani. Huo nao ni mpaka mpya juu ya watu wa zamani.

Kabla ya Msiri palikuwa na shaba. Basanga na Balamba waliijua kazi hiyo vizazi vingi. Mavuno yakiisha na kiangazi kikikolea, wanaume walipanda vilimani kuchimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa ya miti katika tanuru za udongo wa kichuguu, kisha wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali: ilikwenda hadi Zambezi, ikaenda hadi nchi za Kasai. Walikuwapo wakuu wa ardhi, Mpande wa Basanga na yule Katanga ambaye jina lake limekuwa la jimbo zima. Upande wa mashariki alikuwapo Kazembe wa Luapula, aliyehesabu nchi hizi kuwa zinamlipa ushuru.

Misafara ya Basumbwa ilikuja kununua shaba hiyo. Kwao ni kusini-magharibi ya ziwa Nyanza, katika Tanzania ya leo, jirani na Banyamwezi. Mmoja wa wafanyabiashara hao aliitwa Kalasa. Mwanawe Ngelengwa alimfuata, mnamo mwaka 1856 hivi, pamoja na wawindaji wa tembo wenye bunduki. Bunduki ndiyo iliyobadilisha mambo. Basanga walikuwa wakisumbuliwa na Baluba kutoka kaskazini, na wageni hawa wachache waliweza kuwasaidia. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona Baluba, kisha akajikuta si mwenyeji tena. Ngelengwa, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Msiri, alikata ushuru wa Kazembe, akawaweka wakuu wa ardhi chini yake, akajenga ufalme ambao wageni waliuita Garenganze, na watu wake wakajulikana kwa jina la Bayeke. Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha swali langu.

Wazungu wa kwanza walioifikia Bunkeya na kuandika habari zake walikuja katika miaka ya 1880. Wajerumani Böhm na Reichard walipita katika nchi hii mwaka 1884, Mreno Ivens akawafuata, na Februari 1886 akafika mmisionari Mskoti, Frederick Stanley Arnot, akitokea Benguela kwenye pwani ya Atlantiki. Walichokiona hakikuwa mji wenye ukuta mmoja. Kilikuwa mkusanyiko wa vijiji vilivyotapakaa juu ya tambarare, kila kimoja na watu wake na mkubwa wake. Basumbwa halisi, pamoja na Banyamwezi waliofuatana nao, walikuwa sehemu ndogo tu. Waliobaki walikuwa Basanga, Balamba, Baluba, Balunda wa Luapula na Babemba. Wengine walikuja kwa hiari, wakitafuta usalama au mali. Wengine waliletwa wamefungwa kamba. Tusilipite jambo hilo haraka haraka kwa ajili ya heshima ya ufalme: Bunkeya iliuza watu, na ilijazwa na watu waliotekwa.

Zaidi ya hao kulikuwa na wapitaji. Kutoka magharibi zilifika karavani za Bihe, katika Angola ya leo, zikileta baruti, bunduki na vitambaa, zikirudi na pembe na watumwa. Kutoka mashariki walifika watu wa pwani, wenye kanzu na Kiswahili chao. Msiri alioa kwa wote na kuwaoza wote. Wake zake walihesabiwa kwa mamia, nao hawakuwa pambo: kila nchi iliyotiishwa ilitoa mke, na mke huyo alikuwa sikio la mfalme kwa watu wa kwao na mdomo wa watu wa kwao kwa mfalme. Mmojawapo, Maria de Fonseca, alitoka katika jamaa ya Kireno na Kiafrika ya upande wa Angola. Kwa ndoa hiyo Msiri alijihakikishia njia ya baruti. Wakuu waliomtii aliwapa kilungu, kipande cha kombe la bahari kinachovaliwa kama nishani. Fikirini: mkuu wa Basanga, katikati ya bara, uongozi wake unathibitishwa na kombe lililookotwa ufukweni mwa Bahari ya Hindi na mtu ambaye hatamwona maisha yake yote.

Nitaje kazi moja, ili tusibaki kwenye majina ya wakubwa. Mafundi wa Bayeke walivuta waya za shaba. Fundi alianza na ufito mnene uliofuliwa kwa nyundo, akauchonga ncha, akaipitisha ncha hiyo katika tundu la bamba la chuma, akaikamata kwa koleo na kuvuta. Kisha akahamia tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, huku akiupasha ufito moto kila ulipoanza kuwa mgumu, hadi waya ukawa mwembamba. Waya huo ulizungushwa juu ya nyuzi za mmea, ukawa bangili nyepesi ambazo wanawake walivaa kwa wingi miguuni na mikononi. Jiwe lilichimbwa na wenyeji wa zamani, maarifa ya waya yalikuja na wageni, na wavaaji walitoka kila kabila. Nikitafuta kitu kimoja cha kuonyesha Bunkeya ya 1885 ilikuwa nini, ni bangili hiyo.

Mkusanyiko wa namna ile hudumu kwa nguvu. Nguvu ilipopungua, watu waliokusanywa walianza kutawanyika. Basanga waliasi, wakaziba njia za chakula na baruti. Njaa ikaingia. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alikuja kumtaka Msiri atie sahihi mkataba, Msiri akamfukuza. Aprili 1891 akaja Paul Le Marinel kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, na kituo kikajengwa kando ya mto Lofoi. Baadaye mwaka huohuo akapita msafiri Mbelgiji Delcommune. Tarehe 14 Desemba 1891 ikafika safari ya Kapteni Stairs, Mkanada aliyeajiriwa na Kampuni ya Katanga. Nyuma yake kulikuwa na watu zaidi ya 300, wengi wao askari na wapagazi waliochukuliwa Zanzibar na pwani yake, waliotembea zaidi ya miezi mitano. Tarehe 20 Desemba, katika kijiji cha Munema ambako Msiri alikuwa amejitenga, ofisa Mbelgiji Omer Bodson alimpiga risasi mfalme akafa. Bodson naye alipigwa na Masuka, mtu wa nyumba ya Msiri, akafa siku hiyohiyo. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Bayeke hukusanyika Bunkeya kila mwaka tarehe hiyo, na habari ya kichwa chao bado ni jambo zito midomoni mwao.

Vitabu vingi huishia hapo, mfalme akiisha kufa. Mwanahistoria wa kijiji anaanza kazi hapo. Wale watu wote walikwenda wapi?

Wengi waliotekwa walirudi makwao, au walipodhani ni kwao. Basanga waliona siku yao imefika. Wafanyabiashara wa pwani na wa Bihe walitafuta masoko mengine. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri aliyetambuliwa na Wabelgiji kuwa mrithi, aliihama Bunkeya, akawaongoza waliobaki hadi Lutipisha, karibu na kituo cha Lofoi. Watu wake wakapigana pamoja na askari wa Dola dhidi ya Basanga. Kundi jingine lilimfuata mmisionari Dan Crawford, ambaye mwaka 1894 alianzisha Luanza kwenye ufuko wa ziwa Mweru. Ndiyo maana hadi leo katika vijiji vya Mweru unaweza kukuta jamaa zinazohesabu mababu zao kutoka Bunkeya bila kuwa Bayeke hata kidogo. Mji uliokuwa umewakusanya watu wa nchi kumi ulimwagika kila upande.

Mukanda Bantu alifariki mwaka 1910, na katika enzi ya ukoloni Bayeke walirudi kuijenga upya Bunkeya. Waliorudi si wote waliokuwa wametoka, na waliotoka si wote waliokuwa Bayeke. Karatasi ndizo zilizowafanya kuwa kitu kimoja. Amri ya Mei 1910 juu ya sheferi, yaani maeneo ya wakuu wa kimila, ilimtaka kila mtu awe wa sheferi fulani, chini ya mkuu fulani, na jina lake liandikwe humo. Karani hakuwa na safu ya kuandika: huyu mamaye ni Mluba aliyetekwa, babaye Mlamba, alizaliwa Lutipisha. Aliandika Muyeke. Mtoto wa mateka na mtoto wa mtekaji wakalipa kodi kwa jina moja, na baada ya vizazi viwili jina likawa damu. Sisemi kwamba Bayeke ni watu wa karatasi tu. Nyimbo zao, mazishi ya wafalme wao na kumbukumbu ya Usumbwa ni vitu vya kweli. Nasema kwamba mipaka ya nani yumo na nani hayumo ilikazwa na karani wa kodi, na leo tunaitetea kana kwamba ililetwa na mababu.

Lugha nayo inashuhudia. Bayeke wa leo, nyumbani kwao, wanazungumza Kisanga. Kisumbwa kimebaki katika nyimbo za kale na katika sifa za wafalme. Mwami (yaani mfalme) Antoine Munongo, aliyetawala tangu mwaka 1956, alikusanya na kuchapisha masimulizi na nyimbo hizo, na bila kazi yake tungekuwa maskini kabisa leo. Watawala wageni walichukua nchi, nchi ikachukua ndimi zao. Hapa hapa niseme neno dogo kwa wale wanaopenda kuamini kwamba Kiswahili cha Lubumbashi tulirithi kwa Msiri. Kiswahili kilisikika Bunkeya, ndiyo. Lakini Johannes Fabian ameonyesha kwamba kilitawala katika kambi na mitaa yetu baada ya vita kuu ya kwanza, kwa uamuzi wa serikali na makampuni, waliotaka kuzuia lugha za kazi zilizokuja na reli kutoka Rhodesia. Kiswahili chetu ni cha mgodi kuliko cha karavani.

Mniruhusu nitoke nje kidogo. Kijiji cha namna hii si ajabu ya Afrika. Hungaria ina vijiji vingi vilivyopoteza watu wake katika vita na utawala wa Waturuki, uliodumu huko karibu miaka 150 hadi mwisho wa karne ya 17. Katika karne ya 18 wakuu wa ardhi na wafalme wa Habsburg waliwaita Wajerumani, Waslovaki na Waserbia waje kulima mashamba yaliyoachwa. Wajerumani wale walikaa zaidi ya miaka 200, wakazika wazee wao pale, wakajenga makanisa. Kati ya 1946 na 1948 wengi wao walifukuzwa, wakaambiwa kwao ni Ujerumani, nchi ambako hata babu za babu zao hawakuzaliwa. Katika nyumba zao wakaingizwa Wahungaria waliofukuzwa Chekoslovakia. Tena Mhungaria mmoja, László Magyar, aliishi Bihe miaka mingi, akaoa binti wa mfalme wa huko na kuandika juu ya nchi hizo kabla ya kufariki mwaka 1864. Bihe hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutuma karavani Bunkeya. Yeye angetuelewa.

Nimetaja kufukuzwa. Hatuwezi kuliepuka neno hilo katika mji huu.

Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville wakati wa ukoloni, ilianza mwaka 1910 na reli iliyotoka kusini. Wafanyakazi wake wa kwanza wengi walitoka Rhodesia na Nyasaland. Baadaye Union Minière na reli ya BCK ziliwaleta watu wa Kasai, wa Lomami, wa Ruanda na Urundi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwataka wakae na wake na watoto wao kambini. Desemba 1957 wakazi wa Elisabethville walipiga kura ya kwanza ya kuchagua mabwana mitaa, na wengi wa waliochaguliwa walikuwa wa asili ya Kasai. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha siasa cha CONAKAT, kutetea waliojiita Wakatanga halisi. Rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, mzaliwa wa Bunkeya, mtu wa ukoo wa Msiri, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe kuanzia 1960 hadi 1963, na mwisho Mwami wa Bayeke hadi kifo chake Mei 1992.

Angalieni hesabu. Mwaka 1958, ukoo wa Msiri ulikuwa na miaka kama 100 katika nchi hii. Jamaa nyingi za Kasai zilikuwa na miaka 30 au 40 hapa Elisabethville. Tofauti iliyomfanya mmoja awe mwenye nchi na mwingine mgeni ilikuwa hiyo miaka 60 au 70 tu, pamoja na bunduki za mwanzo na karatasi za baadaye. Silitaji hili ili kumhukumu marehemu, ambaye wengi humu ndani mlimheshimu, na maisha yake yanahitaji mhadhara wake. Nalitaja kwa sababu hoja hiyohiyo ilirudi mwaka 1992 na 1993, na mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Likasi, Kolwezi na hapa kwetu, wakajazwa vituoni mwa reli wakingoja treni ya kwenda wanakoambiwa ni kwao. Baadhi yenu mliwaona kwenye vituo hivyo. Baadhi yenu mlikuwa miongoni mwao.

Kisa cha Msiri na Bodson kilichorwa sana na wachoraji wetu wa mitaani, kikaning'inizwa sebuleni mwa nyumba za wafanyakazi. Mmoja wa waliomchora Msiri ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Jamaa yake ilitoka Kasai. Mtu ambaye kwa hoja ya 1992 hakuwa na haki ya kukaa hapa ndiye aliyewahifadhia Wakatanga sura ya mfalme wao.

Na Bunkeya ya leo? Inabadilika tena, na safari hii hakuna bunduki. Vijana wanakwenda Fungurume, Kolwezi na Likasi kufuata shaba na kobalti, katika migodi ya makampuni makubwa au katika mashimo ya kuchimba kwa mikono. Wengine wanarudi na pikipiki, na mke kutoka Kasai au Tanganyika. Wanaolima mashamba yaliyoachwa nao hawakuzaliwa wote pale. Ni mwendo wa karne ya 19 uliogeuka: kijiji kilivuta watu kwa shaba, sasa shaba inawavuta watoke. Lakini hatuwezi kuupima, kwa sababu nchi yetu haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana umri wa miaka zaidi ya 40. Serikali inayotaka kugawa majimbo, viti na fedha bila kuwajua watu wake inagawa kwa kukisia, na anayekisia huishia kuwapa wenye kelele. Sensa ni deni ambalo kila serikali tangu wakati ule imeliacha kwa ijayo.

Tusiingoje sensa. Chuo hiki tangu mwaka 2000 kimekuwa na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliokusanya kumbukumbu za wakazi wa mji huu, na umeonyesha kwamba mzee wa kambi akipewa nafasi na heshima hueleza mambo ambayo hayamo katika faili lolote. Kazi hiyo ifike vijijini sasa.

Kwa hiyo wanafunzi, likizo kubwa ikifika na mkienda kwa wazazi, Bunkeya, Luanza, Mwashya au popote, chukueni daftari. Kaeni na bibi jikoni kabla hamjakwenda kwa mkuu, kwa kuwa mkuu atawapa ukoo wake na bibi atawapa kijiji kizima. Mwulizeni mama yake alizaliwa wapi, alikuja pale na nani, lugha gani ilizungumzwa nyumbani alipokuwa mtoto, na shamba wanalolima lilikuwa la nani kabla yao. Mkiambiwa kwamba mama wa bibi alitekwa, andikeni hivyohivyo, bila aibu na bila kupamba. Ninyi wakubwa wa kimila, wapokeeni vijana hawa hata wakiuliza mambo yasiyopendeza. Leteni daftari hizo idarani zikiwa katika lugha yoyote, Kisanga, Kiswahili au Kifaransa. Tutazipokea na kuzihifadhi.